Sura ya Saba: Mtu wa Tatu

Kati ya mwaka 1952 na 1953, watafiti watatu walifanya kazi Stanleyville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Kazi yao ilifanywa chini ya mwavuli wa UNESCO, na ripoti ilitoka mwaka 1956 pamoja na tafiti nyingine kuhusu miji na viwanda katika Afrika kusini mwa Sahara. Mmoja, Xydias, alishughulikia ajira na ujuzi wa wafanyakazi; mwingine, Clément, akaangalia mwenendo wa maisha ya mjini. Wa tatu, Valdo Pons, alianza na hesabu: mji unakua kwa kasi gani, na waliomo wametoka wapi.

Hesabu ilimwonyesha mji wa mchanganyiko. Walokele, Watopoke, Wababua, Wambole na wengine wengi walikuwa wamepangishana vyumba katika viwanja vilivyopakana, kila mmoja na lugha ya kwao, wote wakikutana katika Kiswahili na Kilingala. Lakini hesabu haikumwambia watu hao wanaishije pamoja. Basi Pons akachukua mtaa mmoja wa pembezoni, Avenue 21, akaufuatilia kwa karibu: nani anamtembelea nani, anamwitaje, anazungumza naye nini, na mambo hubadilika vipi mwingine akifika. Makala yake kuhusu makundi mawili madogo ya mtaa huo ilitoka mwaka 1961, na kitabu kizima kuhusu Stanleyville kikafuata mwaka 1969.

Pons hakuwa na kompyuta. Hata hivyo, swali lake ndilo linalowasumbua leo wabunifu wa michezo ya kompyuta wanaotaka wahusika wao waishi kama watu. Ukiwaweka watu kadhaa wasiochaguana katika mtaa mmoja, ni kitu gani kinachoamua nani atamkopesha nani, nani atamnyamazia nani, na nani ataitwa ndugu ilhali hakuna damu inayowaunganisha? Nitadai katika sura hii kwamba michezo mingi imekosea hesabu mahali pamoja. Imejifunza kuhesabu watu wawili wawili, wakati mtaa wowote, wa Kisangani au wa kwingineko, unaendeshwa na mtu wa tatu.

Akaunti ya watu wawili

Mchezo uliofungua njia ni The Sims, uliotolewa Februari 2000. Mbuni wake, Mmarekani Will Wright, alikuwa amepoteza nyumba yake katika moto mkubwa wa Oakland wa mwaka 1991, na kazi ya kuanza upya, kununua kitu kimoja kimoja na kujiuliza kila kimoja kina faida gani, ilichangia wazo la mchezo huo. Wahusika wake wana mahitaji manane, yakiwemo njaa, usafi, usingizi, burudani na haja ya kuwa na wenzao. Ujanja mkubwa uko kwenye vitu vya nyumbani. Jokofu hujinadi kwamba linaweza kupunguza njaa, kitanda hujinadi kwamba kinaondoa uchovu, na mhusika huenda kwenye mnada unaomfaa zaidi kwa wakati ule. Kwa hiyo akili nyingi ya mchezo imewekwa ndani ya vitu, na mhusika mwenyewe anabaki mwepesi.

Urafiki nao ulipewa kipimo, kuanzia hasi 100 hadi chanya 100. Ukimtania mwenzako na akacheka, kipimo kinapanda. Ukimtukana, kinashuka. Usipomtembelea kwa muda mrefu, kinapungua chenyewe. Wachezaji wengi sana walivutiwa na wahusika hao, wakawalilia na hata kuwatungia hadithi, ingawa wanazungumza lugha isiyo na maana yoyote. Mafanikio hayo yalileta mazoea. Kwa miaka mingi baada yake, uhusiano katika michezo ulikuwa akaunti ya benki yenye wateja wawili: unaweka zawadi, unatoa msaada, na salio linaonekana kwenye skrini.

Ubaya wa akaunti hiyo hauonekani mpaka uilinganishe na jambo dogo kabisa la barabarani.

Bei ya kwenda Mangobo

Kisangani ni mji wa baiskeli. Waendesha baiskeli za abiria huitwa tolekiste, na chombo chenyewe toleka, jina lililotoka katika Kilingala. Nyuma ya baiskeli kuna kiti kilichotandikwa kwa sponji na kushonewa kitambaa, na ingawa pikipiki zimewapokonya abiria wengi, bado wapo vijana wanaopata chakula cha siku kwa kukanyaga pedali kutoka Makiso hadi Kabondo, Tshopo na Mangobo.

Mfikirie mama mmoja karibu na Soko Kuu, ana kapu la mihogo na samaki wa kukausha. Anamwita kijana.

“Mangobo.”

“Mama, Mangobo ni mbali, na jua hii. Uongeze kidogo.”

“Kila siku ninapanda kwa bei ileile, mutoto yangu.”

“Kila siku hauna mzigo hivi, mama.”

Hadi hapo mchezo wa kompyuta unaweza kufuata bila shida. Kuna bei ya juu, bei ya chini, uchovu wa kijana na haraka ya mama. Sasa mzee mmoja anayeuza mafuta ya mawese hapo kando anainua kichwa.

“Wewe, huyu ni mama ya mwalimu. Umupeleke.”

“Aa, mama, panda tu.”

Tuangalie kilichotokea. Mama na kijana hawakuongeza urafiki hata kidogo, kwani dakika moja nyuma hawakujuana. Hakuna aliyetoa zawadi wala hoja mpya kuhusu umbali. Lakini kijana hawezi tena kudai nyongeza, kwa sababu mzee atakumbuka, na mwalimu huenda akasikia. Mama naye amefungwa. Akifika Mangobo akalipa bei ileile kavu, itakuwa ametumia jina la mwanawe kumnyonya mtoto wa watu, na habari hiyo inaweza kurudi sokoni kabla yake. Kwa hiyo huenda akatoa zaidi ya alichoombwa mwanzo, ila safari hii kama zawadi. Mzee, ambaye hakupanda baiskeli wala hakulipa, ametumia kitu: amesimama kama mdhamini wa watu wawili. Kijana akipata shida kesho, ana mahali pa kwenda kuketi na kueleza.

Pamezaliwa madeni matatu kwa sentensi moja. The Sims ingeona mazungumzo ya watu wawili na mzee aliyekaa karibu, na kipimo chake kisingecheza.

Ujumbe wa mmoja, masikio ya wote

Watu wa Mto Kongo walilijua jambo hili zamani, wakalijengea chombo. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Baptisti, alifanya kazi Yakusu, kituo kilicho chini kidogo ya Kisangani ukifuata mto, akajifunza ngoma ya mawasiliano ya Walokele. Kitabu chake kuhusu ngoma hizo kilichapishwa London mwaka 1949. Kilokele ni lugha ya toni, na ngoma ya gogo hutoa toni mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji halitaji neno peke yake. Analizungushia maneno mengine ya kimapokeo hadi liwe sentensi isiyoweza kuchanganywa na nyingine. Ndiyo maana ujumbe mfupi huchukua muda mrefu kupigwa.

Majina yalifuata kanuni hiyo hiyo. Carrington alieleza kwamba jina la mtu kwenye ngoma lilibeba jina lake mwenyewe, la baba yake, na la kijiji cha mama yake. Kuitwa kwa ngoma kulikuwa kuitwa pamoja na pande zako zote mbili. Na kwa kuwa sauti ilisikika kilomita kadhaa juu ya maji, kila aliyeijua ngoma alijua fulani ametafutwa, na kwa jambo gani. Mtu hakuweza kusema baadaye kwamba hakupata habari. Kijiji kizima kilikuwa shahidi kwamba alipata.

Katika michezo mingi ya kompyuta mambo huenda kinyume chake. Mchezaji anamsogelea mhusika, kidirisha cha maneno kinafunguka, wanaongea, kidirisha kinafungwa. Uwanja unaweza kuwa umejaa watu, lakini maneno hayo hayakusikiwa na yeyote. Unaweza kumwahidi mfalme uaminifu na kumwahidi adui yake vilevile, wote wakiwa chumba kimoja, na usipate aibu. Kijiji kama hicho kina watu wengi wasio na masikio.

Serikali ilipounda mchezo wake

Kabla hatujawacheka wabunifu wa Marekani, tukumbuke kwamba Stanleyville iliwahi kuwekewa mfumo wa alama na watu waliokuwa na mamlaka ya kweli. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulianzisha kadi ya sifa za uraia kwa Wakongo walioonekana kuwa wamestaarabika. Mwaka 1952 ikaongezwa ngazi ya juu zaidi, uandikishwaji, uliompa mwenye nayo baadhi ya haki za Wazungu mbele ya sheria. Mwombaji alichunguzwa elimu na tabia, na maafisa waliweza kuingia nyumbani kwake kutazama familia inavyoishi. Patrice Lumumba, wakati huo karani wa posta Stanleyville na kiongozi katika vyama vya wasomi, aliomba uandikishwaji huo, akaupata mwaka 1954.

Huo ulikuwa uigaji wa jamii wa namna mbaya kabisa: mtu mmoja, karatasi moja, alama moja, mwamuzi mmoja. Pons alipotazama mtaa aliona kitu kingine. Ustaarabu kwa maana ya kizungu ulikuwa kweli chanzo cha heshima, lakini haukuwa peke yake. Kabila lilihesabiwa, umri ulihesabiwa, kazi ilihesabiwa, na kipi kati ya hivyo kitatangulia kilitegemea nani yupo na jambo gani linazungumzwa. Karani aliyekuwa mkubwa mbele ya kibarua aliweza kuwa mdogo mbele ya kibarua huyohuyo pale walipokaa na wazee wa kwao. Cheo kilikuwa jambo la mkutano uliopo, kikibadilika kila mkutano ulipobadilika.

Hili lina uzito zaidi ya burudani. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, umegeuka mapigano kati ya Wambole na Walengola, watu wakauawa na maelfu wakakimbia makazi yao. Mchezo wa vita ungeandika makundi mawili, ukayapa rangi mbili, na kuweka uadui kati yao kama kanuni ya kudumu. Lakini watu hao wamekuwa majirani, wameoana, na waliuziana sokoni kabla ya ugomvi wa ardhi kuwapanga upya. Programu inayolichukulia kabila kama namba isiyobadilika inamfundisha mchezaji uongo kuhusu namna vita vinavyoanza, na vilevile inamficha namna vinavyoweza kusuluhishwa, kwa sababu msuluhishi siku zote ni mtu aliye na mguu pande zote mbili.

Waliojaribu

Kwa haki, wapo waliolitambua pengo hili. Mwaka 2012 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kilitoa Prom Week, mchezo kuhusu wanafunzi 18 katika juma la kuelekea dansi ya shule. Chini yake kuna maelfu ya kanuni ndogo za kijamii: ukimchumbia rafiki wa adui yako, ukimtania mtu mbele ya anayempenda, ukisaliti siri ya juma lililopita. Matukio ya nyuma huhifadhiwa, na wahusika huyataja wanapokataa au kukubali jambo. Waundaji wake walimsoma Erving Goffman, mwanasosholojia aliyeeleza maisha ya kila siku kama jukwaa ambalo kila mtu analinda sura yake mbele ya watazamaji. Matokeo yalikuwa ugomvi wa vijana uliosadikika.

Crusader Kings III, mchezo wa kampuni ya Uswidi uliotoka mwaka 2020, uliingia kwa mlango mwingine. Bado kuna kipimo cha maoni kati ya kila watu wawili, lakini pembeni yake kuna siri na ndoana. Ukigundua kwamba askofu ana mtoto wa nje, unaweza kunyamaza na kumshika kwa siri hiyo, akufanyie jambo asilolitaka. Nguvu ya ndoana inatoka kwa wasiojua. Siku siri ikitangazwa, ndoana haina kazi tena. Hapo mtu wa tatu ameingia katika hesabu, ingawa kwa mlango wa hofu peke yake.

Jaribio linalonivutia kuliko yote ni Bad News, kazi nyingine iliyotoka Santa Cruz katikati ya miaka ya 2010. Kompyuta inaunda mji mdogo wa Marekani na kuuendesha kuanzia mwaka 1839 hadi 1979: watu wanazaliwa, wanaoana, wanafukuzwa kazi, wanakufa. Kila mhusika ana anachokijua kuhusu wenzake. Anaweza kuona jambo mwenyewe, kuambiwa, kudanganywa, kukosea na kusahau. Kisha mchezaji anaketi mezani mbele ya mwigizaji wa kweli, ambaye hubadilika kuwa mkazi yeyote anayetembelewa, huku mwenzake aliyefichwa akimletea kutoka kwenye programu yale anayoyajua mkazi huyo. Kazi ya mchezaji ni moja: mtu amekufa, mtafute ndugu yake wa karibu umpe habari.

Anayeujua mji wa Kongo atatambua papo hapo kwamba kanuni hiyo ingebidi ivunjwe Kisangani. Habari ya msiba haipelekwi moja kwa moja kwa mwenye msiba. Anatafutwa kwanza mzee, au kaka au dada mkubwa, au jirani mwenye busara. Pengine mfiwa anaambiwa tu mgonjwa amezidiwa, aje. Wanawake wawili watatu wanafika nyumbani kwake kwa kisingizio cha kumtembelea, ili asiwe peke yake atakapojua. Mtaa unaweza kuwa unajua tangu asubuhi, na kila mmoja anamsalimu kwa sauti ya kawaida, hadi aliyestahili kusema aseme. Ndipo kilio kinapoanza, na turubai na viti vinatafutwa.

Kulijengea jambo hili programu ni mtihani mzuri sana. Haitoshi kujua nani anajua. Inabidi kila mhusika ajue nani mwingine anajua, nani hapaswi kujua bado, na nani ana haki ya kusema. Anayetangulia kusema hapati sifa ya ukweli; anaonekana hana malezi, na kosa lake litakumbukwa kwenye vikao vya ukoo. Hakuna kipimo cha urafiki kinachoweza kubeba hayo.

Karamu ya Smallville

Aprili 2023, Joon Sung Park na wenzake wa Stanford na Google walionyesha kijiji cha kompyuta walichokiita Smallville, chenye wahusika 25 wanaoendeshwa na akili mnemba ya lugha. Kila mhusika huandika anayoyaona katika kumbukumbu. Kila kumbukumbu hupimwa uzito kuanzia 1 hadi 10, na inapohitajika, programu huchagua zilizo karibu kwa wakati, zilizo nzito, na zinazohusu jambo lililopo. Mara kwa mara mhusika hukaa na kutafakari, akapata hitimisho kuhusu wenzake na kuhusu nafsi yake.

Watafiti walimpandikiza mhusika mmoja, Isabella, wazo la kuandaa karamu ya Siku ya Wapendanao katika mgahawa wake. Nani aalikwe na nani afike, hawakuamuru. Baada ya siku mbili za kijijini, wahusika 13 kati ya 25 walikuwa na habari ya karamu. Isabella alialika 12, wakafika 5. Kati ya 7 waliokosa, 3 walieleza kwamba wana shughuli nyingine, na 4 walionyesha hamu ila hawakupanga kwenda. Hesabu hiyo inafanana kabisa na watu.

Makosa yao nayo yanafundisha. Wengine waligundua baa wakaanza kuitumia kwa chakula cha mchana. Wengine waliingia bafu lenye mtu ndani, kwa kudhani ni la watu wengi. Mke alimshukuru mumewe kwa mazungumzo kwa adabu ya mtu anayeagana na mteja. Na kwa jumla walikuwa wepesi mno kukubaliana. Waliombwa, wakaitikia.

Wepesi huo unatokana na pengo lilelile la mtu wa tatu. Mhusika wa Smallville hana wa kumwogopa asiyekuwepo. Anapoahidi kwenda karamuni na asiende, hakuna shangazi atakayemuuliza kwa nini alimwaibisha mwenye karamu. Habari husambaa kijijini, ila aibu haisambai. Tena akili mnemba ya lugha iliyotumika imefunzwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza, ambamo adabu ni maneno matamu. Katika nyumba nyingi za Kisangani mke na mume hawashukuriani kwa kuongea. Heshima inaonekana katika nani anaketi wapi, nani anaitwa kwa jina la mtoto wake, na nani ananyamaza mkwe akiingia.

Hesabu inayotisha na njia ya kuipunguza

Mbunifu atajibu kwamba kazi hii ni ghali, na yuko sahihi. Watu 25 wanafanya jozi 300, ambazo kompyuta ndogo inazimudu. Watu hao hao wanafanya utatu 2,300. Ukiwa na watu 100, jozi ni 4,950, lakini utatu ni 161,700, na bado hatujaanza kuhesabu nani anadhani nani anajua nini. Kompyuta inayojaribu kuzifuatilia zote kwa kila salamu itakwama.

Lakini binadamu nao hawazifuatilii zote. Mkazi wa Avenue 21 hakuwa na daftari la utatu wote wa mtaa kichwani. Alipomwita jirani ndugu, mama au noko, yaani mjomba, alichukua kwa neno moja furushi zima la kanuni zilizo tayari: nani anamtania nani, nani hamwombi nani fedha moja kwa moja, nani anaingilia ugomvi wa nani. Udugu wa mtaani, kanisa, kijiji cha kwao, likelemba ambamo wanachama hupokezana michango: kila kimoja ni njia ya kupunguza hesabu. Mgeni akifika, hatengenezewi mahusiano na watu mia moja. Anatafutiwa mtu mmoja wa kumwita mjomba, na mengine yanafuata yenyewe.

Kuna ushahidi mwingine kwamba jambo hili linawezekana bila maandishi mengi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijenga tamthilia zake za Kiswahili kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni bila kuandika maneno ya waigizaji. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Badala ya kumjibu tu, walitunga mchezo mzima kuuhusu. Walijadili kisa, wakagawana nafasi, wakapanga mfuatano wa matukio, kisha kila mmoja akajisemea kwa kufuata nafasi yake. Waliwezaje kutopotezana? Kila mwigizaji alijua vema nafasi za wenzake na nani ana haki gani mbele ya nani. Chifu hakuhitaji kuambiwa aseme nini kwa mnyampara wake pale mke wake mkubwa anaposikiliza.

Kwa hiyo mbunifu anayetaka kujenga mtaa wa Kisangani anaweza kuanza na watu 25 kama Stanford, ila kwa mpangilio mwingine. Awape nafasi kabla ya kuwapa hisia. Kila tendo liwe na orodha ya walioliona na waliolisikia, na kila ahadi iwe na shahidi. Deni lisilipwe hadi sifuri, kwa maana majirani wasiodaiana chochote hawana sababu ya kutafutana. Maombi makubwa yapitie kwa mshenga, na mshenga apoteze kitu mambo yakiharibika. Jina ambalo mhusika anaitwa libadilike kwa kutegemea nani yupo. Hakuna kati ya haya linalohitaji mashine ya Stanford. Mengi yangeweza kuandikwa kwa kanuni za kawaida, na kijana wa Unikis, Chuo Kikuu cha Kisangani, mwenye kompyuta moja na umeme wa saa chache angeweza kuyajaribu.

Jaribio la kupima kazi hiyo ni rahisi. Waache wahusika wawili wagombane kuhusu deni, halafu umlete dada wa mmoja wao, anayewakopesha wote wawili, apite njiani bila kusema neno. Kama sauti zao hazikushuka, kama hakuna aliyebadilisha dai lake, na kama kesho yake dada huyo hajaulizwa na mtu yeyote alichokisikia, basi programu bado inahesabu wawili wawili, na kazi irudi mezani kabla hata ya kuchorwa nyumba ya kwanza.